Nilivyotumwa mkutano mkuu kisa nakaanga samaki

Naanza na samaki manake yote yalianzia hapo. Parokia ninayosali huku Connecticut, Ijumaa za Kwaresima wanaume wa Knights of Columbus, chama cha wanaume Wakatoliki, wanakaanga samaki kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, watu wanapanga foleni kuanzia saa kumi jioni, sahani ina minofu miwili iliyovikwa unga, chipsi, na kabichi ya mayonezi ambayo mpaka leo sijaielewa. Mimi nimekulia Kibosho, samaki kwetu ni wa kushuka kununua Moshi mjini siku hela ikipatikana, kukaanga sahani mia mbili jioni moja sikuwahi hata kuota. Ila mwaka 2017 mzee mmoja wa pale parokiani, fundi bomba mstaafu, aliniona naingia misa ya asubuhi na yunifomu ya kazini (nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kubeba boksi tunaita, hata kama boksi lenyewe ni binadamu) akaniuliza we unaweza kusimama masaa manne? Nikamwambia mi nasimama 12 kila usiku. Akacheka akanipa aproni.

Kwaresima ilipoisha akanipa fomu ya kujiunga. Hapo ndo nikasita. Jamani si mnatujua wabongo na haya mambo, chama cha wanaume watupu, jina lina "Knights", wakubwa wao wana mapanga ya sherehe, na kipindi kile sherehe ya kuingia ilikua ya faragha, asiye mwanachama haruhusiwi. Nikampigia mama Kibosho nikamwelezea. Kimya. Alafu akasema mwanangu, hao si Frimasoni hao? Mama yangu ni WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) damu damu, vitenge vya WAWATA anavyo vya kila jubilei, akaendelea, nimekulea na shida zangu zote, leo uuze roho kwa sahani ya samaki?

Nikaenda kwa paroko. Alicheka mpaka akavua miwani, akaniambia ni kinyume kabisa. Kanisa lilikua limewakataza Wakatoliki kuingia Frimasoni na vyama vya siri, lakini vyama vile ndo vilikua na mifuko ya kuzika watu na kusaidia wajane, kwa hiyo mhamiaji Mkatoliki wa kiwandani akilitii Kanisa, siku akifa mke na watoto wanabaki mikono mitupu. Ndo padri kijana, Michael McGivney, msaidizi pale St. Mary's mjini New Haven, akakusanya wanaume wa parokia yake Oktoba 1881, na mwezi wa tatu 1882 chama kikapata usajili wa jimbo la Connecticut. Na mwenyewe alikua anajua anachokisema, alikua mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha shaba Waterbury, baba yake akafa 1873 yeye yuko seminari, nyumbani wamebaki wadogo zake kibao. Kuna kijana mmoja wa parokia, Alfred Downes, baba amefariki, mahakama ikataka mtu wa kusimama kama mlezi wake, padri akasimama yeye. Kanuni ya chama mwanzoni ilikua ya kijijini kabisa, mwenzenu akifa kila mmoja anatoa dola 1, mjane anapewa hadi dola 1,000.

Nikajaza fomu. Na ile sherehe kuanzia 2020 wameifanya ya wazi, familia inakaa kanisani inaangalia. Mama nilimwambia yote hayo, hakusema ndiyo wala hapana, akaniuliza kama huku kuna baridi.

Sasa kwa ukweli kabisa, mwaka wa kwanza nilikua mwanachama wa samaki tu. Kilichonifumbua macho ni misiba miwili ya mwaka 2018, ilipishana wiki kama tano.

Wa kwanza ulikua wa kwetu. Mtanzania mwenzetu, dereva wa malori, hakuwa na familia huku, alikutwa amefariki chumbani kwake. Mtandao wa WhatsApp ukawaka usiku ule ule, kamati ikaundwa, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na mimi nikatiwa kamati ya usafiri kwa sababu nina gari ya siti saba. Familia inataka mwili uende nyumbani, nyumba ya mazishi inataka hela kwanza ndo iguse makaratasi. Kila jioni listi inapostiwa, fulani 50, fulani 100, fulani "ahadi", tunaisoma kama matokeo ya kidato cha nne. Waliosema watatuma Ijumaa, wengine mpaka leo Ijumaa yao haijafika. Kukazuka na maneno, kwamba mbona wa mkoa fulani hawachangi, mbona marehemu mwenyewe hakuwahi kuchangia msiba wa nanii, na hayo yanaandikwa kwenye grupu ambalo mdogo wake marehemu yumo anasoma. Mwili ulikaa mochwari siku 23. Siku ya 23 tulimsafirisha, tukapongezana kwa umoja wetu, mimi nikaenda kulala nikajikuta nalia, na sikua namlilia marehemu peke yake.

Wa pili ulikua wa tawi letu la Knights pale parokiani. Braza mmoja wa miaka hamsini na kitu, mtu wa kuuza tiketi mlangoni Ijumaa za samaki, alianguka kazini hakuamka. Alikua na bima ya maisha ya chama. Mjane alipeleka cheti cha kifo na fomu, hela ikaja, hakuna listi, hakuna ahadi, wala hakuna aliyejua ni shilingi ngapi. Ila cheki siyo iliyonigusa. Marehemu alikua anaishi na mama mkwe wake anayetumia kiti cha magurudumu, na kila siku marehemu ndo alikua anambeba kumshusha zile ngazi tatu za mlangoni. Hilo hakuna bima inayolijua. Jumamosi iliyofuata walikuja wanaume sita na mbao, misumari na kipima usawa, wakajenga njia ya mteremko kutoka mlangoni mpaka kwenye gari, mimi nikiwa mshika mbao. Hela ya mbao ilitoka kwenye samaki. Yaani ile kabichi ya mayonezi ninayoisema vibaya ndo iligeuka mteremko.

Basi mwaka 2019 ukafika mkutano mkuu wa Knights wa jimbo la Connecticut. Kila tawi linapeleka wajumbe wawili na linachagua wa akiba. Siku ya kuchagua mi sikuwepo, nilikua nimelala natoka zamu, mzee fundi bomba akanipendekeza kuwa mjumbe wa akiba kwa sababu, nanukuu nilivyosimuliwa, huyu hajawahi kukosa Ijumaa. Nikasema poa, wa akiba haendi popote. Wiki mbili kabla, mjumbe mmoja akafanyiwa operesheni ya goti. Nikajikuta natafuta suti.

Mawazo yangu yote kuhusu mkutano mkuu nilitoka nayo Bongo. Hoteli, bahasha, begi lenye kalamu na daftari, mgeni rasmi anachelewa masaa mawili, mnakula kuku mnarudi. Nikamuuliza mkuu wa tawi letu, posho inatolewa siku ya kwanza au ya mwisho? Akaniangalia kama nimeongea Kichaga. Nilivyomwelezea posho ni nini akapiga meza kwa kucheka, wanaume wawili wakaja kuuliza kuna nini, ikabidi nieleze tena, wakacheka upya. Chumba tawi lililipa, nililala na mkuu wa tawi chumba kimoja, anakoroma huyo mtu, Mungu amsaidie mkewe.

Asubuhi ya kwanza nilisinzia, nakiri. Kuna ripoti, kuna kuhakiki wajumbe, kuna hoja zinasomwa kwa Kiingereza cha mahakamani "kwa kuwa" tano alafu "kwa hiyo iazimiwe", mtu anaenda kwenye maiki anapinga neno moja, wanapiga kura ya neno moja. Nikajisemea moyoni, watu wazima mia kadhaa wameacha kazi wanagombania koma. Kwenye misa ya marehemu ndo nikaamka, waliombea ndugu wote waliofariki mwaka ule, nikamkumbuka muuza tiketi wetu, nikaona mzee mbele yangu mwenye bereti ya daraja la nne, ngazi ya juu kabisa ya chama (zamani walikua wanavaa kofia za manyoya, walibadilisha 2017 na wazee wengine kofia zile bado zinawauma) anajifuta macho bila kujificha.

Somo lenyewe nililipata koridoni kwenye kahawa. Kulikua na wakala wa bima wa chama, mtu mzima, nikamuuliza swali la kijinga, kwanini mnahangaika na mikutano na kura wakati mna kampuni kubwa ya bima, si mngeajiri tu mkurugenzi? Akavuta kiti. Akaniambia ukiondoa mkutano, umeondoa chama. Sheria za Marekani zinasema chama cha udugu cha kusaidiana lazima kiwe na matawi, kisiwe na wenye hisa, na uongozi wake utoke kwa wanachama kwa njia ya wawakilishi. Hakuna tajiri anayesubiri gawio. Faida ikipatikana inarudi kwa wenye bima na kwenye misaada, na ndo sababu hawatozwi kodi ya mapato kama makampuni mengine. Mikutano ya majimbo inachagua wajumbe wa mkutano wa juu kabisa unaofanyika kila Agosti, mwaka ule ulikua Minneapolis, na huko ndo mamlaka ya mwisho. Kwa hiyo yule anayepinga neno moja kwenye maiki, akasema, ni mwenye kampuni anakagua kampuni yake. Nikaona aibu kwa usingizi wangu.

Alafu akaniuliza, kwenu mnazikanaje? Nikamwambia habari za kufa na kuzikana, za WhatsApp, za siku 23. Alisikiliza vizuri, hakucheka. Akaniambia mnachofanya nyie ndo sisi tulianza nacho wote. Kuna chama cha zamani kinaitwa Ancient Order of United Workmen, kilianzishwa Meadville, Pennsylvania, 1868 na fundi wa reli John Upchurch, mwenzao akifa kila mmoja anatoa dola, kikakua haraka mno na wengine kibao wakaiga. Tatizo likaja taratibu. Waanzilishi wote walikua vijana, vifo vichache, dola moja haisumbui mtu. Miaka 20 ikapita, wale vijana ni wazee, vifo vinafuatana, mchango unaitwa kila mara, kijana mpya anapiga hesabu anaona analipa sawa na mzee wa miaka 60, anaondoka, wanaobaki ni wazee watupu, mchango unapanda tena. Vyama vingi sana vilikufa hivyo, na waliobaki ndo wale waliokubali mapema kwamba kila mtu achangie kwa umri wake na akiba iwekwe kabla ya kifo. Akaniuliza, grupu lenu wengi mna umri gani? Nikapiga hesabu kichwani. Wengi tulikuja kati ya 2000 na 2010, wote tuko kwenye arobaini. Nikanyamaza na kahawa yangu. Manake ni kwamba tutaanza kufa kwa pamoja.

Na kitu cha mwisho alichosema ndo nimekishika mpaka leo. Alisema bima ni haki ya mjane na samaki ni huruma yetu, hela hizo hazilali chumba kimoja. Ya bima hakuna wa kuuliza kama marehemu alikua mtu mzuri, kama alikua anakuja mikutanoni, alilipa basi. Ya samaki, hapo sasa tunaangalia nani ana shida, hata kama siyo mwanachama, hata kama siyo Mkatoliki. Nikaona kumbe sisi kwenye ule msiba wa kwanza tulichanganya, tulikua tunamhukumu marehemu kama anastahili huruma wakati kilichotakiwa ni haki, na haki hatukuwa tumeiandaa.

Mchana ikawa zamu ya kazi za matawi, hapo sikusinzia tena. Hakuna mambo makubwa makubwa. Tawi moja linanunua makoti ya watoto ya baridi, jingine linajaza kabati la chakula la mtaa, jingine linakaa na wanamichezo wa Special Olympics, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, kitu ambacho chama kinafanya tangu michezo ya kwanza kabisa 1968, tawi jingine lina seminarista wake linamtumia dola 500 na makao makuu yanarudishia tawi 100. Kwenye chakula pia hivyo hivyo, tawi likitoa 500 linarudishiwa 100. Nilivutiwa na huo ujanja wa 100, siyo hela nyingi lakini tawi masikini linapata nguvu ya kuanza, na makao makuu yanapata risiti za kweli manake bila risiti hurudishiwi. Nyumbani mara nyingi hela inatoka juu inashuka na semina yake, hapa tawi linatangulia na jasho lake alafu juu wanaongezea kidogo. Chama kina wanachama zaidi ya milioni 2 na matawi zaidi ya 16,000, sasa zidisha hizo mia mia.

La makoti nilijifunza kwa kuumbuka mwenyewe. Ilikua Novemba ya mwaka ule ule, maboksi yamefika, tuko shuleni tunagawa, mi nikatoa simu nianze kupiga picha watoto wanapokea, si ndo tunavyofanya, unapiga picha unaposti, wafadhili waone. Mzee fundi bomba akanishika mkono taratibu akasema, braza, wewe mwanao ungependa? Nikarudisha simu. Alafu nikagundua makoti hayagawiwi kama nilivyodhani, yalitundikwa kwenye reli kama dukani, mtoto anapita anachagua rangi, anajaribu, anajiangalia kwenye kioo walichokileta, akikataa anarudisha. Kuna kabinti kalijaribu matatu, kakarudia la kwanza. Mi ningekua ndo mgawaji ningekapa la kwanza kaondoke, na koti lingekua lile lile, lakini kale kabinti kalitoka pale kanatembea kama kametoka kununua.

Sasa turudi kwa wabongo wangu. Nilitoka mkutanoni nina moto, nikasubiri nyama choma ya Saba Saba, watu wameshiba, nikaomba dakika kumi. Nikaeleza habari za umri, za akiba, za haki na huruma. Nilidhani nitapigiwa makofi. Mama mmoja tunayemheshimu sana akasimama, shemeji yangu kabisa kwa upande wa mke wangu, akasema kwa sauti, shemeji, tumekuja kula nyama, kwanini unatuchuria? Watu wakacheka, wengine wakaguna, jamaa mmoja akauliza au unauza bima siku hizi unapata kamisheni. Nikakaa. Mke wangu akaniambia kwenye gari, umewasomea watu hesabu ya vifo vyao wanashika mishikaki, ulitegemea nini.

Alikua sahihi. Nikaacha kuhutubia. Nikaanza na mmoja mmoja, na sikuanza na kifo, nilianza na ule mteremko wa mbao. Mteremko kila mtu anauelewa. Kufika Desemba tulikua familia 11 zilizokubali kujiandaa pamoja. Na huyo shemeji aliyenizima Saba Saba ndo akawa mweka hazina, kwa sababu nilimfuata nyumbani nikamwambia shemeji bila wewe hawataamini mtu na hela, na ni kweli. Hapo tuliachana na mfano wa Knights, wao ni wanaume, kwetu sisi ukiweka wanaume peke yao kwenye mfuko wa msiba hata uji wa wafiwa hautachemka.

Yule wakala alikua ameniambia jambo moja la kuangalia, kwamba mkianza kuahidi watu kiasi maalum mtu akifa, hiyo ni bima, na bima ina leseni zake, msije mkajitia matatani. Kwa hiyo tulifanya hivi. Kila familia ikatafute bima yake ya maisha kwenye kampuni yoyote inayotambulika, hata ndogo, na kujiunga kwetu ni kuonyesha tu kwamba unayo. Hatuulizi shilingi ngapi. Hiyo ndo haki. Alafu tuna mfuko wetu wa kuchangia kila mwezi, huo ni wa huruma, hauahidi kiasi, unasaidia nauli ya kwenda kuzika mzazi, chakula cha msiba, mtu kakosa kazi, na mara mbili umesaidia familia ambazo siyo wanachama kabisa.

Ukaja 2020. Sitaki kuuongelea sana ule mwaka, mimi nilikua kwenye nyumba ya wazee zamu za usiku, inatosha. Ila kwenye grupu, ndege zilisimama, miili haisafiri, watu tuliowajua walizikwa huku huku na kaburini watu kumi. Waliosema tunawachuria wakaanza kunipigia wenyewe usiku. Tulifika familia 34. Na hapo ndo likazaliwa gomvi kubwa kuliko yote, mzazi ni nani?

Maana mfuko unasaidia mtu aliyefiwa na mzazi. Mmoja akafiwa na shangazi aliyemlea tangu ana miaka miwili, mama yake mzazi yupo hai ila hawajuani. Mwingine anasema baba mkwe ni baba. Mwingine ana mama watatu na wote anawaita mama na wote wamemlisha. Makaratasi ya kizungu hayana hili, kule kuna mke na watoto wamekwisha. Tulikesha kwenye Zoom mpaka saa saba usiku, watu wakatukanana kistaarabu, mmoja akatoka akarudi. Mwisho shemeji mweka hazina akasema jamani, kila familia iandike majina manne, manne basi, iandike leo wakiwa hai, siyo siku ya msiba. Ukimwandika shangazi ni mama yako, hatukuulizi. Usiyemwandika usije kutulilia. Azimio likapita, na mimi ndo niliyeliandika kwa mtindo wa mkutano mkuu, kwa kuwa, kwa kuwa, kwa kuwa, kwa hiyo iazimiwe. Walinicheka mpaka leo wananiita Braza Kwakuwa.

Kuandika majina kulikua kugumu kuliko kutoa hela. Kuna mtu alikaa miezi mitatu na fomu, anasema nikimwandika mama nitakua kama nimemzika. Sikumlaumu. Ya kwangu mwenyewe ilikaa kwenye droo.

Mama alikuja kututembelea 2023, kiangazi. Nikampeleka New Haven, St. Mary's pale Hillhouse Avenue, padri McGivney ndipo alipolazwa, ndani ya kanisa lenyewe kwenye jeneza la jiwe. Alifariki 1890 kwa nimonia, siku mbili tu baada ya kutimiza miaka 38, na Oktoba 2020 ametangazwa Mwenyeheri. Mama alisimama na rozari yake muda mrefu, amevaa kitenge na sweta langu, akasoma mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, akahesabu kwa vidole. Miaka 38, akasema, mtoto kabisa. Alafu akanigeukia, sasa mbona hukuniambia kwamba ni padri? Nikamwambia mama nilikuambia 2017. Akasema uliniambia mapanga.

Tulivyorudi kwenye gari akaniuliza kile chama chenu cha wabongo, mna utaratibu gani wa wazazi? Nikaeleza, majina manne. Akaniuliza, mimi nimeandikwa wa ngapi? Nikawasha gari. Akarudia, mimi nimeandikwa wa ngapi? Nikasema mama, bado sijajaza. Akanyamaza mpaka tulipoingia barabara kuu, nikajua nimemuudhi, alafu akafungua pochi akatoa kitambulisho chake cha taifa akakiweka kwenye dashibodi, akasema ukifika nyumbani jaza, na uandike majina yote matatu, lile la katikati watu wa ofisini huwa wanalikosea.